Uzi: Kaskazi imekaza. Tuokote maembe yaliyooza, tuache majani yalale chini ya mti

MkulimaWaGanda (Malindi), Jumamosi, saa 2 usiku

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Leo asubuhi nimepita kwa majirani watatu hapa Ganda na kote nimekuta hali moja. Chini ya miembe pamefagiwa peupe kama uwanja wa harusi, majani yamekusanywa pembeni yanafuka moshi, na maembe yaliyooza yamesukumwa kando ya ua, yamejaa funza. Nimerudi nyumbani moyo hauko sawa, ndiyo maana nafungua uzi huu.

Tunafanya kinyume. Kinachotakiwa kuondoka chini ya mti ni maembe. Kinachotakiwa kubaki ni majani.

Nianze na maembe. Nzi wa matunda anayetumaliza siku hizi si yule waliyemzoea babu zetu. Huyu asili yake ni Asia, jina lake la kitaalamu ni Bactrocera dorsalis, na aligunduliwa Kenya mwaka 2003. Jike hutoboa ganda la embe linalokaribia kuiva akataga humo. Mayai yakianguliwa, funza hula nyama, embe huanguka, kisha funza hutoka akajizika mchangani, kina cha sentimita chache tu, akawa pupa, amelala ndani ya gamba akigeuka nzi. Kwa joto hili, baada ya siku kumi hivi anachomoza nzi mpya. Embe unaloliacha chini leo ndilo litakalokutobolea maembe ya boribo na ngowe ambayo bado yako mtini. Na hasara yake si ya kwetu peke yetu: mwaka 2014 Kenya ilijizuia yenyewe kupeleka maembe Ulaya kwa sababu ya mdudu huyu, na njia ile haikufunguliwa tena hadi 2021.

Mimi kila alfajiri, kabla jua halijakaza, naokota kwa beseni. Mazima nawapa mbuzi. Yaliyooza natia kwenye mfuko mweusi wa plastiki, nafunga kinywa, naanika juani mpaka wote waliomo wafe kwa joto. Asiye na mfuko achimbe shimo la futi mbili afukie. Kuyatupa kando ya ua ni kuwafuga.

Sasa majani. Mchanga wetu wa Malindi haushiki maji. Ukimwaga mtungi wa lita 20 saa moja asubuhi, adhuhuri juu pamekauka kama majivu. Na mizizi midogo ya mwembe inayonyonya maji na chakula mingi iko karibu na juu, haiko chini kama tunavyodhani. Ukifagia peupe, unaichoma kwa jua. Ukiacha majani unene wa kiganja, mchanga unabaki baridi, maji hayaruki, na masika yakifika majani yale yameanza kuwa mbolea. Tukishayachoma, jirani anapata moshi na sisi hatubaki na kitu.

Naomba tuzungumze. Nyinyi kaskazi hii mnafanya nini kwa miti, mboga na maua?

MzeeWaMambrui, Jumamosi, saa 3 usiku

Mwanangu, nimekusoma. Hilo la maembe nakuunga mkono. Hilo la majani sikuungi.

Mimi nimezaliwa katika nyumba ambayo mama hakuswali alfajiri akalala tena. Alishika fagio la chelewa. Uwanja uliofagiwa unaona alama ya nyoka aliyepita usiku. Majani yakijaa, swila analala humo na wajukuu wangu wanacheza hapo. Tena kuna mchwa. Mwaka juzi nilitandaza nyasi kavu kwenye miche ya michungwa, nikarudi nikakuta mchwa wamekula ganda la shina kuzunguka mpaka miche ikafa. Uniambie hapo umeniponya vipi.

MkulimaWaGanda, Jumamosi, saa 4 usiku

Shikamoo mzee wangu. Umesema kweli yote mawili na nilipaswa kuyasema mwanzoni.

Uwanja wa nyumba ufagiwe, hapo hakuna ubishi. Penye watoto, penye njia, penye mlango, paonekane peupe. Lakini yale majani unayoyafagia usiyawashe moto. Yabebe uyapeleke kwenye miti iliyo mbali na nyumba. Na kabla ya kuingiza mkono chini ya majani, mtu apige kwanza kwa kijiti.

Kuhusu mchwa: nyasi zako ziligusa shina. Mchwa hupenda kitu kikavu kilichokufa, na kiangazi kinapokaza hupanda kutoka kwenye kile kikavu hadi kwenye mche ulio dhaifu kwa kiu. Acha shina likae wazi, shubiri nzima ya mkono kuzunguka, halafu ndipo uanze kutandaza, ukienda nje mpaka pale kivuli cha matawi kinapoishia. Maji nayo umwagie huko nje, si kwenye shina. Mche usio na kiu mchwa huushinda kwa nadra.

Kwa miche michanga kuna jambo lingine nililofundishwa na watu wa minazi: makumbi. Chimba duara kuzunguka mche, panga makumbi ya nazi, upande wa kikombe uangalie juu, kisha fukia kwa mchanga. Yananyonya maji kama sifongo na kuyatoa polepole. Maji ya bomba yakikatika siku nne, nawe unajua hapa Malindi yanavyokatika, mche unapumua.

AsuminiShela (Lamu), Jumapili, saa 1 asubuhi

Sabalkheri. Sisi wa Amu hatuna mashamba makubwa mjini, tuna kiwanda cha nyumba, yaani ua wa ndani, na vyungu. Mimi nina asumini mitatu, mrihani, waridi mmoja, mkadi nje kidogo, na ndimu ndani ya pipa. Asumini ndio roho yangu. Kaskazi ndipo unapochanua sana, na wateja wa vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia, wananifuata mpaka mlangoni kwa sababu harusi ni nyingi. Nachuma vitumba saa kumi na moja jioni vikiwa bado vimefumba, vinafumbuka usiku kichwani mwa bibi harusi.

Lakini mwaka huu majani yamekuwa manjano. Asumini, waridi na ndimu, vyote. Nikatia majivu ya jikoni, yakazidi. Mai ninayotumia ni ya kisima. Nimekata tamaa kidogo, nisaidieni.

MbogaMsabaha, Jumapili, saa 3 asubuhi

Dada, tazama majani gani yameanza. Ikiwa ni ya zamani, ya chini, na yamekuwa manjano jani zima, mmea una njaa, samadi itausaidia. Ikiwa ni yale mapya ya juu, na mishipa imebaki kijani katikati ya manjano, hapo ni upungufu wa madini ya chuma. Na ikiwa ncha na kingo zimeungua rangi ya kahawia, hiyo ni chumvi.

AsuminiShela, Jumapili, saa 3 na nusu asubuhi

Ni mapya ya juu, mishipa kijani. Ndimu pekee ndiyo ina kingo za kahawia pia.

MbogaMsabaha, Jumapili, saa 4 asubuhi

Basi nimepata jibu lako, na jibu liko ukutani kwako. Nyumba zenu ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Kila ukuta ukichubuka, unga wa chokaa unaanguka kwenye udongo. Udongo wenye chokaa nyingi unafunga madini ya chuma: yamo, ila mizizi haiwezi kuyachukua. Na majivu yana tabia ileile ya chokaa, ndiyo maana ulipotia yalizidisha. Usitie tena hata kijiko.

Ondoa udongo wa juu kwenye vyungu, weka samadi ya punda iliyoiva vizuri, ichanganye na majani yaliyooza. Samadi nyinyi mnayo kuliko sisi sote, punda wanapita mlangoni. Lakini iwe imekaa kwenye lundo miezi miwili mitatu ikigeuzwa, kwa sababu mbichi inaunguza mizizi na tumbo la punda haliui mbegu zote za magugu. Ukitaka haraka, agroveti huuza madini ya chuma ya kuyeyusha katika maji. Na visogeze vyungu mbali na ukuta unaopigwa na jua la jioni. Jiwe lile linashika joto hadi usiku wa manane, mizizi inapikwa.

Kuhusu kisima: maji matamu ya huko yanatoka kwenye mchanga wa vilima vya Shela na yanaelea juu ya maji ya bahari, kwa kuwa ni mepesi. Ukivuta mengi kwa pampu kwa mara moja, ya chumvi yanapanda. Teka kidogo kidogo. Ukimwagilia ndimu, usinyunyize juu ya majani, na usimwage vikombe viwili vitatu kila siku. Hivyo chumvi inabaki juu. Mwaga mengi mara moja, mpaka yatoke chini ya pipa, ili chumvi ishuke nayo, kisha subiri. Ndimu na machungwa hayavumilii chumvi hata kidogo. Mnazi unavumilia, mtende zaidi. Maharagwe usijaribu kabisa kwa maji hayo.

Mpwani_Leicester, Jumapili, saa 9 alasiri

Nawasoma kutoka Uingereza, nje kuna baridi ya kukata masikio, na nimetamani harufu ya asumini mpaka machozi yamenilenga.

Huku katikati ya kiangazi ni Juni na Julai, nami nina kijishamba cha kukodi. Jua halizami hadi saa tatu na nusu usiku, kwa hivyo watu hutoka kazini wakaenda bustanini. Mti wa plamu tunaupogoa kiangazi hichohicho, si wakati wa baridi kama mitufaha, kwa sababu kuna ugonjwa wa ukungu unaoingia kwenye kidonda kibichi siku za unyevu na kugeuza majani rangi ya fedha. Kiangazi kidonda kinakauka upesi. Nyanya tunazichomoa vichipukizi vya pembeni kila wiki. Mawaridi yaliyonyauka tunayakata ili mti usihangaike na mbegu bali utoe maua mengine.

Swali langu ni la mwembe wa marehemu baba huko Langoni, Amu. Haujapogolewa miaka mingi na ndugu zangu wanataka kuukata nusu mwezi huu. Niwaruhusu?

MkulimaWaGanda, Jumapili, saa 2 usiku

Ndugu yangu, pole na baridi, na Mwenyezi Mungu amrehemu mzee.

Waambie wasubiri mpaka embe la mwisho lishuke. Mwembe hupogolewa mara tu baada ya mavuno na kabla ya masika. Sababu ni mbili. Ya kwanza ni hiyo hiyo ya plamu zenu, kidonda kikauke kabla ya unyevu. Ya pili ni kwamba masika yatasukuma machipukizi mapya, machipukizi hayo yapate muda wa kukomaa, na baridi ya kusi ikifika ndiyo yatoe maua. Ukikata ukiwa umechelewa, kwenye Juni, umekata maua ya mwaka mzima.

Na wasikate nusu. Waondoe kwanza matawi makavu, kisha yanayosuguana, kisha moja au mawili ya katikati ili jua liingie ndani. Theluthi ya mti isizidi. Kama ni mkubwa sana waushushe kwa miaka mitatu. Msumeno ufutwe kwa spiriti kabla ya kuhamia mti mwingine. Utomvu wa mwembe unaunguza ngozi, wavae mikono mirefu.

Nina kidonda changu katika jambo hili. Miaka minne iliyopita nilifungua mwembe wa boribo kwa pupa, nikaacha matawi makubwa yaliyozoea kivuli yakiwa uchi mbele ya jua la Februari. Ganda la upande wa magharibi lilipasuka, likachubuka, wadudu wakaingia. Mti ule haujarudi sawa hadi leo. Tangu hapo kila ninapokata, siku hiyohiyo napaka shina na matawi yaliyobaki wazi chokaa nyepesi iliyozimuliwa kwa maji. Rangi nyeupe inarudisha jua. Amu chokaa haikosekani. Ila ipakwe gandani tu, isimwagwe kwenye udongo, dada wa Shela ameshaona matokeo yake.

MbogaMsabaha, Jumapili, saa 3 usiku

Nirudi kwenye mboga, kwa sababu naona miti imechukua uzi wote.

Watu wengi huacha matuta yalale Januari na Februari wakisema jua kali. Mimi jua hilo nalitumia kama dawa. Mchanga wetu umejaa minyoo ya mizizi, ile inayofanya mizizi ya nyanya na bamia iwe na vinundu kama shanga. Mmea unanyauka mchana hata ukiwa umemwagilia. Hakuna haja ya sumu. Lima tuta, lilainishe, limwagilie mpaka liloe chini, kisha lifunike kwa plastiki inayoonyesha, si nyeusi, ubane kingo zote kwa mchanga. Wiki nne hadi sita. Joto linaloingia chini ya plastiki linaua minyoo mingi, mbegu za magugu na baadhi ya ukungu. Plastiki nyeusi haifanyi kazi hiyo vizuri kwa kuwa joto hubaki kwenye plastiki yenyewe. Ukifunua, usilime tena kwa kina ukaleta juu wale wa chini. Nyanya zangu za masika iliyopita ndizo nzuri kuliko zote nilizowahi kuvuna.

Matuta yaliyobaki yana mchicha na mkunde chini ya kivuli cha makuti, makuti yaliyotawanywa ili jua lipenye kwa madoa madoa. Mchicha nauvuna ndani ya wiki nne, hauna muda wa kuteseka. Mtsunga, ile mboga chungu ya kienyeji, unajiotea, nauacha. Mwishoni mwa Februari natia kitalu cha biringanya, pilipili na nyanya kivulini ili miche iwe tayari mvua ya kwanza ikigonga.

Kwa viwavi natumia mkilifi, yaani mwarobaini. Kokwa zilizokaushwa kivulini, nazitwanga, gramu 50 kwa lita moja ya maji, zinalala usiku kucha, nachuja, natia sabuni kidogo. Nyunyiza jioni, kwa sababu jua linaivunja nguvu dawa hii. Kwa Tuta absoluta, yule nondo wa nyanya aliyeingia Kenya 2014 ambaye viwavi wake huchora njia nyeupe ndani ya jani, mkilifi husaidia lakini haitoshi: majani yenye njia hizo yakatwe mapema na yafungwe kwenye mfuko mweusi pamoja na yale maembe.

FundiMinazi (Malindi), Jumatatu, saa 12 na nusu asubuhi

Nimeona mnasifu lundo la samadi. Naomba niseme neno kwa niaba ya mnazi.

Chonga, yule mbawakawa mwenye pembe, anazaliana humo. Jike hutaga kwenye samadi inayooza na kwenye magogo ya minazi iliyokufa. Wale funza wanene weupe waliojikunja, wenye kichwa cha kahawia, mnaowaona mkigeuza lundo, ndio chonga wa kesho. Akipata mbawa anaenda kutoboa kilele cha mnazi, na kuti likija kufunguka linakuwa limekatwa kama kwa mkasi. Mnazi mchanga anaweza kuuua kabisa. Kwa hivyo lundo lisiwe karibu na minazi, ligeuzwe kila wiki mbili, na wale funza waokotwe wapewe kuku. Gogo la mnazi ulioanguka lipasuliwe likauke au litumike kuni, lisiachwe lioze. Kwenye mnazi uliokwisha kutobolewa mimi hupanda na waya wenye ndoana, namvuta, kisha naziba tundu kwa mchanga.

Na majimoto, wale chungu wa mtini, msiwaue jamani. Najua wanauma, mimi wameniuma kuliko nyote. Lakini mnazi wenye majimoto hauangushi vidaka ovyo, kwa sababu wanamfukuza yule kunguni anayenyonya vidaka vichanga. Ukitaka kuangua, panda mapema wakati bado kuna ubaridi.

MzeeWaMambrui, Jumatatu, saa 10 alasiri

Hilo la chonga ni la kweli tupu. Nimewaelewa wote. Nina miembe sita. Mitatu nitaitandazia majani nikiacha shubiri kama alivyosema kijana, mitatu nitaendelea kuifagia. Mimi siamini mpaka nione.

MzeeWaMambrui, baada ya wiki tano, saa 2 usiku

Nimerudi na nilichokiona.

Miembe yote sita nimeipa maji sawa, mitungi minne kila mmoja, mara moja kwa wiki. Siku ya pili chini ya iliyofagiwa mchanga ulikuwa unapeperuka. Siku ya tano chini ya iliyotandazwa nilitia kidole, kikatoka na unyevu. Mchwa walikuja kwenye majani, shina hawakuligusa. Nyoka sikumwona, ila tandu mmoja nilimwona, mtu asiende peku. Maembe tumeokota kila alfajiri mimi na wajukuu. Wiki ya kwanza yenye funza yalijaza mabeseni matatu kwa siku, wiki hii hayajazi hata moja. Sijui ni kwa sababu msimu unaisha au ni kwa sababu ya kuokota, msimu ujao nitahesabu tangu mwanzo.

Ile mitatu iliyobaki nimeitandazia jana.

MkulimaWaGanda, saa 2 na nusu usiku

Mzee wangu, nimeisoma habari yako mara mbili na kumsomea mke wangu. Allah akuzidishie.

AsuminiShela, saa 3 usiku

Nami majani mapya ya asumini yametoka kijani. Waridi bado unasitasita. Ndimu imeacha kuungua tangu nianze kumwaga mai mengi mara moja. Vyungu vyote nimevihamishia upande wa magharibi wa kiwanda, na jioni napitisha kitambaa kilicholoa mai matamu kwenye majani yanayopigwa na upepo wa bahari, chumvi inatoka mpaka kitambaa kinakuwa kigumu kikikauka.

MbogaMsabaha, nimekukatia vijiti sita vya asumini, nimevifunga kwa kitambaa chenye unyevu. Mashua ya kwanza ya Mokowe kesho alfajiri, navikabidhi kwa utingo wa basi la Malindi. Vitie kwenye kivuli siku hiyohiyo, vifundo viwili chini ya udongo, kimoja juu.

MbogaMsabaha, saa 3 na robo usiku

Ahsante sana dada. Nitakuwa stendi kuanzia saa tano. Kitalu changu kimeshaota, nikurudishie kwa basi hilohilo miche kumi ya biringanya na mmoja wa ngowe?

AsuminiShela, saa 3 na nusu usiku

Leta. Pipa la ngowe nimeshalitoboa matundu.